Wodi Inaamua Nini? Majibu kwa Wauguzi wa Mtwara na Lindi

Safu ya toleo hili tumeiachia suala moja. Barua zilizotufikia kutoka Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa, Tandahimba na Mtwara mjini zinauliza, kila moja kwa namna yake, muuguzi ana kauli gani katika kazi anayoifanya kwa mikono yake mwenyewe, na kauli hiyo ipangwe vipi isiishie kwenye mihutasari.

Habari za kazi, wahariri. Wodi yetu ya wanaume ina wauguzi 12. Matroni alituelekeza tuunde kamati ya wodi. Tulikaa vikao vitatu, tukaorodhesha shuka, stendi za dripu, taa ya bafuni na feni. Orodha ilipelekwa, haikurudi. Kikao cha nne tulikuja wawili. Tulikosea wapi? – Muuguzi, Masasi

Ndugu yetu, kamati yenu ilikufa kwa sababu haikupewa kitu cha kuamua. Mlichoandika ni maombi, na mwombaji kazi yake ni kusubiri. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuacha usingizi wake ili aje kusubiri kwa pamoja na wenzake.

Anzeni upya, na kabla ya kikao chochote kaeni na inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, na matroni mkiwa na karatasi moja yenye safu tatu. Safu ya kwanza ni mambo ambayo wodi inaamua na uamuzi wake ni wa mwisho: namna ya kukabidhiana zamu, mpangilio wa troli ya dharura na stoo, namna ya kugawana wagonjwa, nani anamlea muuguzi mpya na kwa wiki ngapi, mada za elimu ya wodini. Safu ya pili ni mambo ambayo wodi inapendekeza na mwingine anaamua, ila huyo mwingine anawajibika kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Humo ndimo vinamoingia vifaa, ukarabati, idadi ya wauguzi na saa za kutazama wagonjwa. Safu ya tatu ni mambo yasiyo ya kamati kabisa: nidhamu ya mtu mmoja mmoja, uhamisho, mishahara. Karatasi hiyo isainiwe na matroni na Mganga Mfawidhi, kiongozi wa hospitali, kisha ibandikwe kwenye chumba cha wauguzi. Bila saini zao hamna kamati, mna kikundi cha watu wenye nia njema.

Kwenye safu ya pili jibu linaweza kuwa hapana. "Fedha za robo hii zimekwisha, leteni tena" ni jibu, na watu hurudi kikaoni baada ya jibu la namna hiyo. Kinachoua kamati ni kimya. Mkumbuke pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, kwa hiyo ombi la kitu kikubwa lifike wakati bajeti inaandaliwa. Likifika bajeti imeshapita, hata kiongozi mwenye moyo hana pa kulichomeka.

Kuhusu muundo, kwa wodi ya watu 12 wajumbe watano wanatosha, na watatu wakiwepo kikao kinaendelea. Wachaguliwe na wenzao kwa kura ya siri, wawepo wa ngazi tofauti, na angalau mmoja awe anayeingia usiku mara kwa mara. Kipindi kiwe mwaka mmoja, lakini msibadilishe wote siku moja: wawili watoke baada ya miezi sita, watatu wabaki, la sivyo kila mwaka mtaanza kujifunza upya. Mwenyekiti asiwe inchaji. Inchaji ahudhurie, atoe taarifa anazozijua yeye, aseme kama jambo linagongana na mwongozo wa wizara, lakini asiendeshe kikao. Yeye ndiye anayepanga zamu na kuandika tathmini za watu, na mbele yake wengi humeza maneno.

Kikao kiwe kimoja kwa mwezi, siku isiyobadilika, kwa mfano Alhamisi ya pili, wakati zamu ya asubuhi inakabidhi ya mchana ili muwapate wa zamu mbili bila kumtoa mtu nyumbani. Dakika 45. Masuala yasizidi matatu. Muhtasari uwe ukurasa mmoja wenye safu nne tu: suala, uamuzi, nani atatekeleza, mwisho lini. Ubandikwe ndani ya siku mbili, kwa sababu wenzenu saba ambao si wajumbe wataiamini kamati kwa kile wanachokisoma ukutani.

Suala lenu la kwanza lisihitaji fedha. Tunapendekeza kanula, ule mrija mdogo unaoachwa kwenye mshipa wa kupitishia dawa na dripu. Kila Jumatatu asubuhi mmoja wenu apite kitanda kwa kitanda na kuandika namba tatu: wagonjwa wenye kanula ni wangapi, kanula zenye tarehe na saa zilizoandikwa kwenye plasta ni ngapi, na mikono yenye wekundu, uvimbe au maumivu pale ilipochomwa ni mingapi. Fanyeni hivyo kwa wiki nne bila kubadilisha chochote. Ndipo kamati iamue: anayeweka kanula anaandika tarehe, saa na herufi za jina lake kwenye plasta, anayepokea zamu anaitazama kila moja akiwa na anayekabidhi, ambayo haina dawa inayopita inatolewa siku hiyo hiyo. Hesabuni wiki nne nyingine. Kanula isiyo na tarehe huachwa mpaka mshipa uvimbe, kwa sababu kila muuguzi hudhani iliwekwa jana na mwenzake. Mkishaona namba zenu zimeshuka kwa uamuzi wenu wenyewe, kamati haitahitaji kubembeleza mtu aje.

Na tahadhari moja: msihesabu majina. Siku karatasi ya kanula itakapotumika kumwita mtu ofisini, ndiyo siku watu wataanza kuandika tarehe za uongo.

Mimi ni inchaji. Tunayo tayari timu ya 5S ya wodi, tuna baraza la wafanyakazi, tuna chama cha wafanyakazi. Kamati nyingine ya nini? – Lindi mjini

Dada, hofu yako ya vikao vingi tunaielewa, na kama wodi yako ina watu sita usiongeze chombo kingine. Itumie ile timu ya 5S. Utaratibu huo wa kupanga na kutunza mahali pa kazi umekuwa ukienezwa katika hospitali zetu tangu 2007, na wengi wanaujua kwa maneno yake matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Timu zake zimezoea kukaa, kuhesabu na kurekebisha. Upungufu ni mmoja: nyingi zimeishia kwenye mpangilio wa vitu, rafu, lebo na mistari ya rangi sakafuni. Hazigusi swali la namna ya kumhudumia mgonjwa na nani ana kauli ya mwisho juu ya hilo. Mkiiongezea timu iliyopo ile karatasi ya safu tatu, mmepata kamati bila kuongeza kikao.

Baraza la wafanyakazi na chama hushughulika na maslahi na mazingira ya ajira, na huko ndiko posho na malimbikizo yanakostahili kwenda. Mkiyaleta kwenye kamati ya wodi yatameza kila kikao, na wodi haina uwezo wa kuyatatua. Leseni na maadili ya kazi viko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hapo ndipo penye hoja nzito kuliko zote: sheria inamtaka muuguzi ajibu yeye mwenyewe kwa huduma aliyotoa. Haiwezekani mtu abebe lawama ya namna kazi inavyofanyika halafu asiwe na neno juu ya namna hiyo.

Niko wodi ya wazazi, usiku nabaki peke yangu na mhudumu. Mama wa kifafa cha mimba alikuwa kwenye magnesiamu. Saa ya sindano ilipofika niliona mkojo ni kidogo mno, nikasita. Daktari wa zamu hakupatikana kwenye simu kwa muda. Sikuichoma. Asubuhi niliulizwa nani amenipa mamlaka ya kuacha dawa iliyoandikwa. Nilikosea? – Mkunga, Newala

Hukukosea, dada. Lililokosekana ni karatasi ya kukulinda.

Wasomaji wengine wafuate hesabu. Mama huanzishiwa gramu 4 za magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwenye mshipa zikiwa na nguvu ya asilimia 20. Kwa dawa ya asilimia 50 hiyo ni mililita 8 zikichanganywa na mililita 12 za maji ya sindano, zikisukumwa polepole kwa muda usiopungua dakika tano. Kisha gramu 5 kwenye kila kalio pamoja na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2. Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha kalio, mpaka saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lile lililokuja baadaye. Kabla ya kila sindano ya kuendeleza kuna mambo matatu ya kuangalia: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, sindano haichomwi.

Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua inabaki kwenye damu, na dozi inayofuata inaongezeka juu ya iliyobaki. Goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata. Ndiyo maana kando ya kitanda lazima kuwe na kalsiamu glukoneti, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, ya kuchoma polepole kwenye mshipa pumzi zikishuka, pamoja na ambu begi, mfuko wa kumpulizia hewa mgonjwa. Kuiweka stoo iliyofungwa na ufunguo uko kwa mtu wa asubuhi ni sawa na kutokuwa nayo.

Sasa ombeni hili liandikwe kama mwongozo wa wodi. Rasimu iandikwe na wakunga wawili, ipitiwe na daktari wa wazazi na mfamasia, isainiwe na Mganga Mfawidhi. Iseme mambo manne kwa lugha isiyo na mzunguko. Kwanza, mkunga ana mamlaka ya kusitisha dozi ya kuendeleza iwapo mojawapo ya alama tatu imekosekana. Pili, anampigia daktari wa zamu papo hapo. Asipopokea baada ya dakika 10 anampigia wa pili, ambaye jina na namba yake vipo kwenye ubao wa zamu. Tatu, anaandika kwenye faili saa, alichokiona, aliyempigia na alichoambiwa. Nne, kubadilisha dozi au dawa kunabaki kwa daktari. Mpaka huo wa nne ni muhimu kwa daktari kama ule wa kwanza ulivyo muhimu kwako: kusitisha kwa sababu iliyoandikwa ni jambo moja, kuandika tiba mpya ni jingine.

Kwenye simu usianze na "daktari samahani kwa kukusumbua". Anza na mgonjwa: "Mama wa kitanda cha 3, kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu, mkojo ni mililita 60 tu kwa saa 4, goti linaruka kidogo, pumzi 18. Dozi ya saa 8 nimeisitisha. Naomba uje umwone." Kisha arudie alichokusikia ukisema, nawe urudie agizo lake kabla ya kukata simu.

Wauguzi tuko 12. Ikifika Oktoba wote tunaomba likizo tukaokote korosho, inchaji anawapa anaowapenda, ugomvi unaanza. Kamati inaweza kupanga likizo na zamu? – Nachingwea

Inaweza, na hapa ndipo tulipoona kamati nyingi zikipata heshima. Lakini anzeni na hesabu kabla ya hisia.

Tuseme wodi yenu inahitaji watu 3 asubuhi, 2 mchana na 2 usiku. Hizo ni nafasi 7 kwa siku, 49 kwa wiki. Kila mmoja akifanya zamu 5 kwa wiki, mnahitaji watu 10 kazini. Mko 12, kwa hiyo wanaoweza kuwa nje kwa wakati mmoja ni wawili, na mmoja akiugua tayari mnabanwa. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa kila mtu: watu 12 ni siku 336. Maana yake likizo zikitawanywa vizuri, mtu mmoja tu anakuwa nje karibu mwaka mzima, na nafasi ya pili inabaki kwa ugonjwa, misiba na masomo. Tatizo lenu halikusababishwa na uchache wa siku. Siku zote zimerundikana kwenye msimu mmoja.

Oktoba na Novemba zina siku 61. Kwa nafasi mbili hizo ni siku 122, yaani watu wanne kwa likizo kamili, zikibaki siku 10. Kamati ikikubaliana kwamba msimu wa korosho hakuna anayechukua zaidi ya siku 14, wanapata watu wanane, na wanaobaki wanne wanatangulia kuchagua mwaka unaofuata. Majina yakaguliwe kila Juni na orodha ya zamu za msimu ihifadhiwe, kwa sababu kumbukumbu ya kichwa haiaminiki pale mtu anapotaka shamba lake. Yule asiye na mikorosho naye ana haki ya kuchagua. Msimwekee mzigo wa kubaki kila mwaka eti hana shamba.

Kwa rosta ya kila wiki nne, mtindo unaofaa ni huu. Kamati inabandika rosta tupu siku 21 kabla. Kila mtu anajaza matakwa yake kwa penseli ndani ya siku 7. Mjumbe mmoja anasawazisha kwa kuzungumza na wale tu waliogongana. Inchaji anapitia na kusaini siku 7 kabla ya kuanza. Baada ya saini, kubadilishana zamu kunaruhusiwa kati ya watu wa ujuzi ulio sawa, wote wawili wakisaini.

Kuna mambo ambayo kura ya kamati haiwezi kuyagusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku na saa 24 kwa wiki, na inakataza mjamzito kupangiwa usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Anayenyonyesha anapewa mpaka saa mbili za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Usiku usibaki na wapya watupu, hata kama wenyewe wameomba. Na wakati wa Ramadhani tazameni saa ya kukabidhiana jioni: ikiangukia kwenye magharibi, ripoti hutolewa kwa haraka mtu ameshika tende mkononi, na kinachosahaulika ni dawa ya saa moja. Fanyeni makabidhiano nusu saa mapema zaidi kwa mwezi huo, andikeni, mmalize.

Mimi ni Mganga Mfawidhi. Sipingi, ila kamati ikiamua vibaya, atakayeulizwa ni mimi. – Kilwa

Mheshimiwa, ni kweli, na hakuna karatasi itakayokuondolea hilo. Ndiyo sababu ile safu ya kwanza inapita mikononi mwako kabla ya kuanza: unachosaini ni mipaka, na ndani ya mipaka hiyo unawaachia. Uwe na haki ya kuzuia uamuzi wowote unaohatarisha mgonjwa au kuvunja sheria, lakini uitumie kwa maandishi, na sababu, ndani ya siku 7. Ukijikuta umezuia mara tatu kwa robo, kaeni mwandike upya safu zenyewe, maana hamkuelewana tangu mwanzo.

Usianze na hospitali nzima. Chukua wodi mbili kwa miezi sita, moja ambayo inchaji wake anaitaka na moja ya kawaida. Zikisimama, ongezeni, wenyeviti wa wodi ndio waje kuwa kamati ya uuguzi ya hospitali, ikiongozwa na mmoja wao, matroni akiwa mjumbe. Inayoundwa juu kwanza hujaa wakuu wa idara, na wakuu wa idara wana vikao vya kutosha.

Shikamooni. Niko kazini mwaka wa kwanza. Kwenye kikao wanasema dada zetu wakubwa, sisi tunaitikia. Kupinga ni utovu wa adabu. Tufanyeje? – Tandahimba

Marahaba, mwanetu. Adabu ibaki, utaratibu ubadilike. Mwenyekiti agawe vikaratasi siku tatu kabla, kila mtu aandike hoja bila jina, zisomwe zote kwanza. Kwenye mjadala anayeanza kusema awe mdogo kikazi na mkubwa amalizie. Mkubwa akitangulia, mjadala umekwisha. Uamuzi wenye mvutano upigiwe kura ya siri. Nawe ukipinga, pinga kwa kitu ulichokihesabu au mwongozo uliousoma. "Dada, nimetazama troli asubuhi tatu mfululizo, adrenalini ilikuwa haipo mara mbili" ni sentensi ambayo hakuna mkubwa anayeweza kuiita kiburi.

Jambo hili lilianzia wapi? Tumeombwa kuliandikia darasani. – Mwanafunzi wa uuguzi, Mtwara mjini

Kwa sura yake ya kamati za wauguzi zenye mamlaka, lilienea Marekani miaka ya 1980, wakati hospitali zilikuwa zikikosa wauguzi. Mmoja wa waliolieneza zaidi ni Tim Porter-O'Grady. Mwaka 1983 Akademia ya Uuguzi ya Marekani (American Academy of Nursing) ilitoa utafiti ulioangalia hospitali 41 ambazo wauguzi hawakuzikimbia, na kauli ya wauguzi katika maamuzi ilikuwa miongoni mwa yaliyoonekana humo. Kutokana na hapo ukaja mpango wa kuzitambua hospitali za namna hiyo; ya kwanza ilikuwa University of Washington Medical Center ya Seattle, mwaka 1994. Ukiandika, usidai kwamba muundo wao unahamishika mzima. Wao wana watu wa kukaa nafasi ya mjumbe akiwa kikaoni. Wodi ya Liwale au Nanyumbu haina, na ndiyo maana tumependekeza dakika 45 wakati wa makabidhiano.

Wajumbe walipwe posho ya kikao? – Masasi

Hapana. Kikao kiko ndani ya saa za kazi, na posho ikiingia wajumbe watachaguliwa kwa ajili ya posho. Wapeni muda wao bila kuwakata kwenye rosta: atakayekuwa mwenyekiti apangiwe asubuhi siku ya kikao, na saa mbili kwa mwezi za kuandaa muhtasari na kufuatilia majibu ziandikwe kwenye rosta kwa jina lake, inchaji akisaini kama zamu nyingine yoyote.